Chumvi Iliyotiwa na Mtoto

Ottilia alizuiwa mlangoni. Tangu Mbinga alikuwa amekaa juu ya magunia ya mahindi, lori likishuka milima kwa kunguruma mpaka Mbamba Bay, mgongo umemkatika, tope limemrukia hadi kwenye kilemba, na sasa mwanamke wa umri wa binti yake alikuwa ameweka mkono kwenye mwimo wa mlango akimwambia, kwa adabu zote, kwamba ndani hapaingiki.

"Mjukuu wangu si ameingia sasa hivi?"

"Ameingia, mama."

"Basi namfuata."

"Huwezi, mama. Unisamehe. Hujachezwa."

Mwanamke huyo alikuwa Zamda, dada yake Masoudi, na Masoudi ndiye baba wa mtoto. Mtoto huyo, Sumaiya, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alivunja ungo mwezi wa kumi kule Maguu kwa bibi yake, na ukoo wa baba ukataka aletwe ziwani likizo ya Desemba achezwe unyago. Ukoo huo asili yake Kilwa, lakini babu yao alioa kwa Wanyasa, kwa hiyo mila za nyumba ile zilikuwa nusu za pwani na nusu za ziwani. Mwanamke ambaye hakupitia unyago walimwita msungo, na msungo kwao ni mtoto hata akiota mvi. Haruhusiwi kumwona mwali.

Ottilia alikuwa na miaka hamsini na minne. Alikuwa amezaa saba, amezika mume, na kwa miaka tisa alikuwa mwenyekiti wa akina mama Wakatoliki wa kigango chake, mtu ambaye katekista alimwogopa kuliko alivyomwogopa paroko. Akakalishwa uani, kwenye mkeka mmoja na vitoto vitatu vya kike vilivyokuwa vikimenya mihogo. Chai ilipoletwa akapewa kikombe kidogo cha bati, sawa na wenzake.

"Zamda, mimi ndiye niliyemlea huyo mtoto," alisema.

"Tunajua, mama. Tunashukuru sana," Zamda akajibu, akamwongezea sukari.

Tuseme ukweli, Ottilia mwenyewe hakuja kwa moyo safi. Binti yake Mektilda aliolewa na Masoudi mwaka themanini na mbili, wakati Masoudi akiuza vitambaa katika duka la watu pale Mbinga. Ottilia alilia mwezi mzima kwa ajili ya dini, kisha akachoka kulia, maana mkwe mwenyewe alikuwa mpole na alimwamkia akiwa amechuchumaa. Wakahamia Mbamba Bay. Serikali ilipofungulia watu binafsi biashara, Masoudi akaanza kuleta mitumba na vipuri vya baiskeli, akajenga nyumba ya bati. Halafu Juni ya mwaka tisini na mbili Mektilda akapanda Maguu na mimba changa na binti yake wa miaka tisa, kumsaidia mama yake kuchuma kahawa, na hakurudi. Alifia nyumbani kwa mama yake. Ottilia alimwambia mkwe wake kwamba ni homa. Masoudi akalia, akazika, na kwa kuwa hakujua mwanamume peke yake hulea vipi mtoto wa kike, akamwacha Sumaiya kwa bibi yake.

Miaka minne na nusu wamelala kitanda kimoja. Anayemgusa Sumaiya anamgusa Ottilia maini. Sasa Masoudi alikuwa ameoa tena, duka limepanuka, na barua yake ilisema mtoto aletwe achezwe. Haikusema atarudishwa lini. Ottilia aliisoma mara nne akiitafuta hiyo siku ya kurudi, hakuiona. Na majirani wa Maguu, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuona unyago, walimweleza yote: kwamba msichana hufungiwa hadi apate mume, kwamba wanawake hucheza uchi, kwamba hufundishwa mambo ya kumfanya padri azimie. Kwa hiyo Ottilia akapanga na Kilian, mtoto wa kaka yake, dereva wa lile lori la mahindi. Alhamisi alasiri, akishamaliza kushusha mzigo, apitie nyumbani kwa Masoudi na kupiga honi mara mbili. Ottilia atamshika mtoto mkono, watapanda, na hadi mtu atafute kandambili zake wao wako milimani.

Mpango ulikuwa mzuri. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba mtoto yuko nyuma ya mlango na bibi yake ni msungo.

Jumatatu ikapita, na Jumanne asubuhi. Kutoka mle ndani zilisikika ngoma, vigelegele na vicheko. Vicheko ndivyo vilivyomuudhi zaidi. Alikuwa amejiandaa kusikia kilio, na kilio angejua la kufanya nacho.

Mchana kungwi mwenyewe akatoka kupunga upepo. Alikuwa kikongwe aliyeitwa Binti Ausi, kwa jina la baba yake, kama wanavyoitwa bibi wa pwani. Akajishusha kwenye mkeka taratibu, akavisukuma vile vitoto kwa upole, akamtazama Ottilia.

"Shikamoo," alisema Ottilia, kwa shida kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Unaumia."

"Siumii. Nashangaa tu. Nimezaa watoto saba halafu naambiwa mimi mtoto."

"Kuzaa hata mbuzi anazaa," Binti Ausi alisema, bila ubaya wowote. "Sisi hatuulizi umezaa wangapi. Tunauliza nani alikukalisha chini akakwambia. Nani alikukalisha chini?"

Ottilia akaokota muhogo, akaanza kuumenya.

"Basi mlango hauna umri," kikongwe akaendelea. "Mwaka juzi nilimcheza mke wa mwalimu, ana watoto watano. Ukitaka, leo hii nakuingiza."

Ottilia akakubali palepale, kwa haraka ambayo ilipaswa kuwatia shaka. Moyoni akamweleza Bikira Maria kwamba hii si imani, ni kupita mlangoni tu, na kwamba Alhamisi atakuwa ameshatubu.

Kilikuwa chumba cha kawaida, mikeka chini, kanga zimetundikwa dirishani. Sumaiya alikuwa ameketi miguu imenyooka, kichwa kimepakwa mafuta, macho chini. Alipomwona bibi yake akiingizwa amefunikwa kanga kama mwali, midomo ikamtetemeka, akajikaza, kwa sababu mwali hacheki. Nyuma ya kila mwali hukaa somo wake, yule atakayemshauri maisha yake yote. Nyuma ya Sumaiya alikaa Zamda. Nyuma ya Ottilia akakaa Binti Ausi mwenyewe, na magoti yake yalikuwa yakimchoma Ottilia mbavuni.

Mengi yaliyosemwa mle ndani hayaandikwi, na anayeyasimulia haya ana shangazi zake wanaojua kusoma. Itoshe kusema kwamba si yote yaliyompendeza Ottilia. Waliimba kwamba mke hamkatalii mume. "Hata akiwa amelewa?" Ottilia akauliza, kwa sauti ileile anayoulizia mapato ya sadaka. Wanawake wakaangua kicheko. Binti Ausi akamfinya akimwambia mwali hasemi, kisha akamnong'oneza, "Akiwa amelewa mpe supu, alale."

Lakini mengine yalimnasa. Viungo vya mwanamke vilitajwa kwa majina yake, kwa nyimbo, kwa vinyago vya udongo, na hakuna aliyeinamisha uso. Uchungu wa mimba, mimba inayotoka, maziwa yanayokauka, vyote vilisemwa mchana kweupe na wanawake waliokuwa wanapepeta mchele. Ottilia akajiuliza yeye alimpa nini Mektilda siku ile alipovunja ungo. Alimpa kipande cha kanga kuukuu na sentensi moja: sasa usichezecheze na wavulana. Na hapo alikuwa amejitahidi, maana mama yake mwenyewe alimpa kitambaa bila sentensi. Zamani hata kule Maguu mabibi walikuwa na mafundisho yao, mpaka wamisionari waliposema yakome. Yakakoma, na mahali pake hapakuwekwa kitu. Ottilia hakuwahi kuliona hilo pengo, na sasa alikuwa amekaa mbele yake miguu imenyooka.

Jumatano ikaja zamu ya jikoni. Binti Ausi akaweka chungu katikati na kibakuli cha chumvi.

"Ukiwa katika siku zako," alimwambia Sumaiya, "utapika kila kitu, lakini chumvi huigusi. Chumvi itatiwa na mtoto ambaye hajavunja ungo, au bibi aliyekwisha kukoma. Ukiitia wewe, mume na watoto watakula ugonjwa wa kifua."

Ottilia nusura acheke. Ugonjwa wa kifua kwa chumvi! Akaanza kutunga jinsi atakavyowasimulia akina mama wa kigango. Kisha kitu kikamsimamisha. Aliisikia sauti ya Mektilda jikoni kwake, Juni ile, wazi kabisa: Suma, njoo utie chumvi.

Aliikumbuka vizuri kwa sababu ilimkera. Mwanamke mzima ameshika mwiko, chumvi iko mbele yake, anamwita mtoto aliyeko uani akicheza. "Wewe huna mikono?" Ottilia alimwuliza. Mektilda akatabasamu tu. Kesho yake tena, na keshokutwa tena. Ottilia akasema moyoni, haya ndiyo maringo ya ziwani, na akaenda zake shambani, maana kahawa ilikuwa imeiva nyekundu na isingemngoja.

"Binti Ausi," alisema sasa, "na mwenye mimba je?"

"Mwenye mimba hutia mwenyewe. Hana damu."

"Na kama ana mimba, na anamwita mtoto?"

Aliyekuwa akipepeta mchele akaacha kupepeta. Jibu lilitoka kwa Zamda.

"Basi ameanza kutoka damu, mama. Na kila mwanamke aliyeko jikoni ameshajua. Ndiyo sababu tunamwita mtoto kwa sauti. Mtu hahitaji kusema."

"Anaweza kumwita kwa siku ngapi?"

"Akimwita siku moja tu, kwa mwenye mimba, tunatafuta gari la hospitali."

Ottilia akahesabu. Ilianza Jumapili ya Ekaristi, anaikumbuka kwa sababu ya maandamano. Ikaisha Jumatatu ya juma lililofuata, na Jumanne yake Mektilda hakuweza kuinuka na godoro likawa limelowa. Alihesabu kwa vidole, akarudia, na namba haikubadilika.

"Tisa," alisema. "Aliita siku tisa."

Zamda akajifunika mdomo kwa mkono. Yeye ndiye aliyekuwa somo wa Mektilda. Alimcheza katika chumba hikihiki, nyumba ilipokwisha kujengwa. Ottilia hakuwa na habari hiyo. Binti yake alikuwa ameingia mlango huu kwa hiari yake, akajifunza namna ya kusema bila kusema, akaenda kuisema nyumbani kwa mama yake siku tisa mfululizo, mbele ya mama asiyejua kuisikia. Ottilia alilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia mwali halii.

Baadaye, Sumaiya alipokuwa amepelekwa kuogeshwa, Zamda akamkalia karibu.

"Mama, yaliyosemwa humu hayatoki nje. Kaka aliambiwa homa, abaki na homa yake. Alikuwa amepanga kumbakiza mtoto hapa. Mimi nitazungumza naye, nitamwambia amwache Sumaiya arudi Maguu amalize la saba. Atanisikia. Wewe nyamaza tu."

Siku ya pili yake honi ikalia mara mbili. Wenzake walikuwa nyuma wanapika, mlango ulikuwa wazi, na Sumaiya alikuwa umbali wa mkono mmoja. Ottilia akainuka, akatoka peke yake na kanga yake ya mwali kichwani. Kilian alipomwona hivyo akazima injini.

"Shangazi! Umefanywa nini?"

"Nenda zako, Kilian. Uwasalimu."

"Na mtoto?"

"Nimekwambia nenda."

Jumamosi wali wawili wakatolewa nje, mmoja wa miaka kumi na mitatu na mmoja wa hamsini na minne, chini ya kanga moja. Watu wa mtaani walicheka mpaka wakashika mbavu, na Ottilia akawaacha wacheke. Pilau ikaliwa. Kisha Masoudi, katika kanzu yake nyeupe, akaja barazani na wazee wawili wa ukoo, akachuchumaa mbele ya mkwe wake kama siku zote.

"Mama, dada amezungumza nami. Ni kweli, shule yake iko huko. Mchukue, amalize. Na kuna jambo sijapata kulisema. Mektilda alipougua mimi sikuwepo. Wewe ndiye uliyemuuguza mpaka mwisho. Nakushukuru, mama. Ile homa ingemkuta huku, sidhani kama tungemtunza kama wewe ulivyomtunza."

Zamda alimkazia macho Ottilia kutoka mlangoni. Ilikuwa imekwisha. Ilibaki kuitikia ahsante, kufunga furushi na kuondoka na mtoto. Ottilia alijaribu kuitikia.

"Haikuwa homa," alisema.

"Mama," Zamda akaita.

"Haikuwa homa, baba. Ilikuwa damu. Mimba ilikuwa inatoka. Siku tisa alikuwa akimwita Sumaiya atie chumvi, na mimi nikadhani anaringa. Sikumuuguza. Nilikuwa nachuma kahawa. Nilijua siku ya mwisho, nilipoona godoro, nikaona aibu kukutamkia wewe mkwe wangu neno damu, nikasema homa."

Wazee wale wawili wakatazama miguu yao. Mambo kama hayo hayasemwi mbele ya wanaume, na mbele ya mkwe ndiyo kabisa. Masoudi aliinuka, akaingia ndani, na kwa muda mrefu kidogo hakuna aliyethubutu hata kukusanya sahani. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Miaka minne nimemlaumu mbu," alisema. "Siwezi kusema lolote leo. Mwulizeni mtoto mwenyewe anataka kukaa wapi."

Sumaiya alikuwa amesimama kando ya nguzo na kanga yake mpya. Mafundisho yalimtaka ainamishe macho. Akayainua.

"Ni mimi niliyetia ile chumvi," alisema.

"Ni wewe, mama yangu. Huna kosa. Ulitumwa," Ottilia alimjibu.

"Wewe ulikuwa unapita hapohapo, bibi."

"Nilikuwa napita hapohapo."

"Kule Maguu nikiumwa, nimwambie nani?"

Zamani Ottilia angejibu kwamba amwambie Bikira Maria, na angeona amejibu vizuri.

"Mimi."

"Na kama kahawa imeiva?"

"Nitaiacha ianguke."

Sumaiya alimtazama sana. Halafu akamtazama shangazi yake Zamda, somo wake, na Zamda, machozi yakimtiririka, akamtikisia kichwa kwamba ndiyo. Mtoto akaingia ndani kufunga vitu vyake.

Waliondoka Jumatatu kwa pikapu ya wafanyabiashara wa usipa, dagaa wa ziwani, wanaume tisa na magunia yao, wao wawili wamebanwa kwenye kona. Masoudi aliwasindikiza hadi kwenye gari. Hakuchuchumaa safari hii, lakini alimpa mkwe wake mkono, na Ottilia hakuwa ametarajia hata huo. Gari lilipoanza kupanda milima, ziwa likabaki chini nyuma yao, Sumaiya akamvuta bibi yake nguo na kumnong'oneza jambo sikioni.

Ottilia akapiga paa la gari kwa ngumi.

"Dereva! Simama! Mjukuu wangu yuko mwezini!"

Gari likasimama kwa kuserereka. Wanaume tisa wakageuka kwa pamoja kuangalia milima, kila mmoja akiwa ameona jambo la maana sana huko juu. Sumaiya akajifunika kanga uso mzima.

"Bibi! Wanaume hawaambiwi! Si tumefundishwa?"

"Nilisikia."

"Sasa mbona unapiga kelele?"

"Kunong'ona sijajifunza bado," Ottilia alisema. "Teremka."

Akashuka yeye kwanza, akamshika mtoto kiunoni, wakaingia vichakani, na Ottilia akatanda kanga kwa mikono miwili, mgongo wake ukiwa upande wa barabara. Hakuna aliyewaharakisha. Alingoja hadi Sumaiya alipomaliza.

"Hii ni siku ya kwanza?"

"Ya kwanza, bibi."

"Haya. Kesho uniambie ya pili."